Jaji Hakupanda Mlima

Mpigapicha anapofungua folda yake achague picha ya mandhari ya kupeleka mashindanoni, macho yake huwa yameshapofushwa na kumbukumbu. Picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, aliyoipiga jioni kutoka uwanda wa Shira inamrudishia siku mbili za kupanda, baridi iliyomkaza vidole, mpagazi aliyemshikia stendi ya kamera isiangushwe na upepo, na mawingu yaliyofunguka wakati yeye ameshakata tamaa. Kwake hiyo ni picha ya maisha. Kwa jaji aliyeketi mbele ya skrini London au Sydney, ni mlima wenye barafu kileleni na anga ya waridi, na asubuhi hiyo ameshaiona mingi. Jaji hakupanda mlima. Vidole vilivyokufa ganzi havimo ndani ya fremu.

Wapigapicha wetu wanaposhindwa hulaumu kamera, lenzi, hata rangi ya pasipoti. Mimi naanza kwa kulaumu uchaguzi. Kupiga picha na kuchagua picha ni kazi mbili: ya kwanza inamtaka mtu aliyekuwepo pale, ya pili inamtaka mtu ambaye hakuwepo. Wengi wetu tumejifunza ya kwanza kwa miaka, na ya pili tunaifanya usiku wa mwisho, saa moja kabla dirisha la shindano halijafungwa.

Tuanze na namna picha inavyotazamwa. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, lililoanza mwaka 1965 na linaloendeshwa na Natural History Museum ya London, hupokea picha makumi ya maelfu kila mwaka. Hakuna jopo linaloweza kuipa kila moja dakika tano. Mzunguko wa kwanza ni wa sekunde chache kwa picha, nayo mara nyingi iko ndogo, imepangwa na wenzake kwenye skrini. Hapo kinachosomeka ni umbo: mstari mmoja mkubwa, eneo la giza dhidi ya eneo la mwanga, kitu kinacholiambia jicho lianzie wapi. Picha ya bonde la Ngorongoro iliyojaa vitu vidogo vidogo vizuri, nyumbu huku, ukungu kule, ziwa kwa mbali, hugeuka shuka la kijivu ikipunguzwa namna hiyo, hata kama ikichapishwa kwa upana wa mita moja ingemtoa mtu machozi.

Kwa hiyo watu hujifunza kupiga kelele. Wanakoleza rangi, wanaongeza ukali, wanazidisha weusi wa mawingu. Mbinu hiyo kweli huipitisha picha mzunguko wa kwanza, halafu inaiua mzunguko wa tatu, pale ambapo jaji anakaa na picha ileile mara ya nne na tayari imeshamwambia kila ilichokuwa nacho. Picha ya mashindano inafanya mitihani miwili inayopingana: ivutie haraka, na isichoshe upesi. Zinazofaulu wa kwanza ni nyingi. Zinazofaulu yote miwili ni chache, na ndizo za kutafutwa folda ikifunguliwa.

Kuna pia hesabu ambayo wapigapicha hawaifikirii. Chukua majaji watano wanaotoa alama hadi kumi. Picha ya kwanza inapata saba kwa kila mmoja, jumla 35. Ya pili inapata 10, 10, 9, 3 na 2, jumla 34. Mahali ambapo alama zinajumlishwa tu, ile isiyomuudhi mtu imeipita ile iliyowafanya majaji wawili wasimame. Mahali ambapo jopo linakaa pamoja na kubishana, ile ya pili ina watetezi, na picha yenye mtetezi mkali mezani huwa hatari kwa wengine wote. Kama shindano linaeleza jinsi linavyoamua, soma sehemu hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Inakuambia kama upeleke picha ya busara au picha ya ubishi.

Sasa kuhusu picha zilizochoka. Tembo chini ya Kilimanjaro, ikipigwa kutoka Amboseli. Mgunga mmoja mbele ya jua jekundu. Jahazi Unguja wakati wa magharibi, tanga limejaa. Mbuyu peke yake, na nyota juu yake. Si mbaya hata moja. Tatizo lake ni kwamba uzuri wake umeshakubalika, kila jaji anaujua kwa moyo, na anayepeleka picha ya aina hiyo anashindana na kila aliyewahi kusimama hapohapo akiwa na lenzi nzuri na bahati njema. Mtalii aliyelala Amboseli usiku mmoja anaweza kuipata. Mtu aliyezaliwa Moshi ana sababu gani ya kushindana naye kwenye uwanja huo?

Mlima huohuo una upande wa kusini, na huko kuna vitu ambavyo havimo kwenye kalenda za watalii. Kuna vihamba vya Wachaga, migomba juu ya mibuni, na miti mirefu juu ya migomba. Kuna mifongo, ile mifereji ya kale inayoshusha maji kutoka msituni hadi mashambani. Mfongo wenye maji yanayong'aa asubuhi, ukimwongoza mtazamaji kati ya migomba hadi Kibo kule juu, unasema kitu ambacho tembo hasemi: kwamba mlima huu unanywewa. Na barafu yenyewe ina habari. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Picha inayomwonyesha jaji mlima, maji na shamba kwa pamoja imebeba hoja bila kuandika neno, wakati machweo mazuri yamebeba machweo.

Maarifa ya mahali ndiyo mtaji wetu mkubwa, na ajabu ni kwamba tunauacha nyumbani. Tazama mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Vijiti vimepangwa kwa safu, kamba zimevutwa kati yake, maji ya kijani kibichi yamebaki kwenye madimbwi, na kina mama wanainama katikati. Kwa mtu wa mistari na maumbo, hiyo ni zawadi. Lakini maji ya bamvua, yale yanayokwenda mbali zaidi, katika pwani yetu hukupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maana yake mashamba yanapofunuka vizuri kabisa, jua limeshapanda, kivuli kimefupika na mchanga mweupe unaumiza macho. Anayetaka mwanga wa alfajiri pamoja na maji yaliyokupwa inambidi asubiri siku za maji mafu, na siku hizo maji hayaendi mbali. Bahari na jua hawapatani kwa faida ya mpigapicha. Anayejua hili hupanga kuja wakati wa kusi, mawingu yanapopita na kulainisha mwanga wa saa nne, au huukubali ukali wa jua na kuifanya picha iwe ya weupe na mistari mieusi. Picha kama hiyo haipatikani kwa bahati ya siku moja, na jaji mwenye uzoefu huitambua hata kama hajui bamvua ni nini.

Suala la mwanga linahitaji neno la ziada, kwa kuwa vitabu vingi vya upigaji picha za mandhari vimeandikwa na watu wa kaskazini. Vinasifu ile saa ya mwanga wa dhahabu. Scotland mwezi Juni jua huzama kwa mshazari na mwanga huo huburuzika kwa zaidi ya saa nzima. Mtu ana muda wa kubadilisha mahali, hata kunywa chai. Karibu na ikweta jua hudondoka wima. Mwanza, dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, dereva ameshawasha taa. Wapigapicha wetu wanaofuata kitabu hujikuta na picha nyingi za dakika kumi zilezile, zenye rangi ileile. Huku mwanga wenye tabia zaidi huja na mvua. Wakati wa vuli au masika unaweza kuona Serengeti mvua ikinyesha upande mmoja, jua likipenya upande wa pili, na nyasi zikiwaka chini ya wingu jeusi saa tisa alasiri, saa ambayo kitabu kinakuambia ulale. Picha hizo nyingi hubaki kwenye folda kwa sababu mwenyewe anaamini saa yake haikuwa sahihi. Zitoe.

Je, mtu anaruhusiwa kuwemo? Kanuni za mashindano mengi hazimkatazi, ilimradi mandhari yabaki kuwa mhusika mkuu. Mvuvi mdogo kwenye ukingo wa picha hutoa kipimo cha ukubwa. Mvuvi aliyejaza theluthi ya fremu amegeuza picha kuwa ya mtu, na itahukumiwa kwa vigezo vya picha za watu. Kama uso unatambulika, ruhusa iombwe na iandikwe. Kusema "ni mama wa kijijini, hatajua" ni dharau, na siku hizi hata si kweli.

Kuhariri ndiko kunakozua ugomvi mkubwa, na hapa historia inasaidia. Tarehe 10 Aprili 1927, mpigapicha Ansel Adams alikuwa juu ya Yosemite, California, mbele ya jabali la Half Dome, akiwa amebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia. Kimoja alikipiga kwa kichujio cha manjano, kisha akatambua kwamba anga ingetoka hafifu, tofauti kabisa na alivyokuwa akilihisi jabali lile. Kioo cha mwisho akakipiga kwa kichujio chekundu kizito, na anga ikatoka karibu nyeusi. Picha hiyo, "Monolith, the Face of Half Dome", ndiyo iliyomfungulia njia. Anga ya siku ile haikuwa nyeusi. Na ile picha yake ya mwaka 1941 ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliichapa kwa mkono zaidi ya mara elfu moja, na kadiri miaka ilivyokwenda akawa anaizidisha giza anga yake kwenye chumba cha kusafishia picha. Kwa hiyo anayesema kwamba picha halisi ni ile isiyoguswa anatetea zama ambazo hazikuwahi kuwepo.

Lakini kuna mpaka, na mpaka huo haukuchorwa na falsafa. Umechorwa na kanuni za shindano husika. Mwaka 2012 tuzo kuu ya Landscape Photographer of the Year ya Uingereza, shindano lililoasisiwa na mpigapicha Charlie Waite, ilikwenda kwa David Byrne kwa picha ya mashua zilizopinduliwa ufukweni Lindisfarne, ngome ikiwa nyuma yake. Baadaye ilibainika kwamba mawingu yaliongezwa na vitu vingine kufutwa. Akanyang'anywa ushindi. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwa amesoma kanuni. Mwaka mmoja kabla yake, "Rhein II" ya Andreas Gursky, picha ya mto Rhine ambamo mwenyewe alifuta jengo la kiwanda na watu waliokuwa wakipita, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 4.3, bei ambayo wakati huo haikuwahi kulipwa kwa picha yoyote. Kitendo kilekile: huku kimevunja rekodi ya bei, kule kimemvua mtu taji. Gursky hakuwa ameahidi kwamba mto ulikuwa hivyo. Anayejaza fomu ya shindano anaahidi.

Kuna hatia nyingine zilizo nzito kuliko wingu la kupandikiza. Mwaka 2018 Natural History Museum ilimwondoa Marcio Cabral, aliyekuwa ameshinda kipengele kimoja cha Wildlife Photographer of the Year mwaka uliotangulia kwa picha ya kichuguu usiku katika hifadhi ya Emas, Brazili, kikimeta kwa wadudu wenye nuru huku mnyama mla mchwa akikikaribia. Wataalamu waliilinganisha na mnyama aliyekaushwa aliyekuwa akionyeshwa hifadhini hapo, wakahitimisha kuwa ni huyohuyo. Cabral alikana. Kinachonisikitisha ni kwamba kichuguu kile na nyota zile, bila mnyama, tayari vilikuwa picha ya kupelekwa mahali.

Halafu ikaja akili mnemba. Aprili 2023 Boris Eldagsen alikataa tuzo aliyopewa kwenye Sony World Photography Awards, akaeleza kwamba picha yake ilitengenezwa na kompyuta na kwamba alitaka kuona kama mashindano yamejiandaa. Mwaka uliofuata Miles Astray akafanya kinyume: alipeleka picha halisi ya heroe aliyeficha kichwa chake, kwenye kipengele cha picha za akili mnemba cha shindano jingine, ikashinda, kisha ikaondolewa alipofichua ukweli. Vituko hivi vinamhusu hata anayepiga picha za milima kwa uaminifu: waandaaji wengi huomba faili ghafi la kamera kwa picha zilizofika mwisho. Picha ambayo faili lake ghafi limepotea, au iliyopigwa kwa simu ikabaki tu ile nakala iliyopitia WhatsApp, iondoe kwenye orodha mapema, hata kama ndiyo bora.

Kila shindano lina swali lake, na picha ni jibu. Wiki Loves Earth, lililoanza Ukraine mwaka 2013, linauliza kuhusu maeneo ya asili yaliyohifadhiwa. Halitozi ada, linakubali picha ya zamani ilimradi ni yako na unaipakia ndani ya kipindi cha shindano, na kila nchi inayoshiriki hupeleka picha chache tu kwenye jopo la kimataifa. Hapo picha safi, inayoonyesha hifadhi ilivyo na yenye maelezo sahihi, ina nafasi nzuri kuliko kivuli cha kishairi kisichojulikana ni cha wapi. Bei yake ni leseni huria: mtu yeyote anaweza kuitumia picha yako, hata kibiashara, mradi akutaje. Kwa anayetaka jina, ni biashara nzuri. Kwa anayeishi kwa kuuza picha za Ziwa Natron kwa mahoteli, afikirie mara mbili. International Landscape Photographer of the Year, kwa upande wake, hutoa kitabu cha picha 101, na huko jicho la msanii lina uzito mkubwa. Picha moja kuipeleka kote kuwili bila kufikiri ni uvivu.

Yapo pia mashindano ambayo ni mitego. Ada inapanda kila kipengele, zawadi ni cheti cha kujichapishia, na katikati ya masharti kuna sentensi inayowapa waandaaji haki ya kutumia kila picha iliyoingia, iwe imeshinda au la, kwa matangazo yoyote, milele. Hiyo ni njia ya bei nafuu ya kujijengea ghala la picha za watu. Picha yako bora isiende huko. Hata ya pili kwa ubora isiende.

Na droni? Picha ya angani ya delta ya Rufiji inaweza kumaliza ubishi wowote, ila waandaaji wengi hutaka uthibitisho kwamba ilipigwa kihalali. Tanzania na Kenya zote zinadai kibali cha kurusha, na ndani ya hifadhi za taifa masharti ni makali zaidi. Kama kibali hakipo, picha haipo.

Tukirudi kwenye folda, nina njia chache ninazoziamini. Ya kwanza ni muda: picha ya mwezi uliopita bado ina joto la safari, iache ipoe. Ya pili ni kuipunguza hadi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti na kuona kama bado inasema kitu. Ya tatu ni kuigeuza juu chini. Wapigapicha wa kamera kubwa za zamani, Adams akiwemo, waliiona mandhari hivyo daima kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na ilibidi waipange kama mizani ya maumbo kabla ya kuwa mlima na mto. Ukigeuza na fremu ikaonekana imeegemea upande mmoja, imeegemea. Ya nne inaumiza: mwonyeshe mtu asiyekupenda sana, usimweleze chochote, na utazame macho yake yanakwenda wapi kwanza. Yakienda kwenye kona yenye tawi lililokatika, jaji naye ataenda huko. Idadi ya waliopenda mtandaoni usiihesabu kabisa, kwani wengi wao wamekupenda wewe.

Ukibaki na mbili na huwezi kuamua, uliza ni ipi ambayo mgeni mwenye kamera ghali kuliko yako asingeweza kuipata ndani ya siku tatu. Peleka hiyo. Maelezo yake yawe mafupi: mahali, mwezi, kinachotokea. Jaji wa Sydney hana haja ya kuambiwa kwamba ni uumbaji wa ajabu wa Mwenyezi Mungu. Ana haja ya kujua kwamba ule mstari wa fedha kati ya migomba ni mfongo. Kisha hifadhi faili ghafi mahali pawili tofauti kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, maana barua ya kuliomba huja ghafla na hutoa siku chache tu.